Barua ya wazi kwa mawaziri: binti anayemuuguza mama mwenye ugonjwa wa akili aandikwe kwenye faili

Kwa Waziri wa Afya. Waziri wa Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum. Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia. Na Waziri wa Nchi anayeshughulikia TAMISEMI, yaani Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa.

Waheshimiwa,

Siku ya kliniki ya afya ya akili, kwenye benchi la hospitali ya wilaya, mtafuteni binti wa miaka 14 au 15 aliyekaa ubavuni mwa mama yake. Sare ya shule ameifunika kwa kanga. Mkononi ana daftari la mama, kadi ya kliniki na chupa ya maji. Muuguzi akiuliza kama mgonjwa amelala vizuri mwezi huu, anayejibu ni yeye. Akiuliza vidonge vimebaki vingapi, anayejua hesabu ni yeye. Wanapoondoka, mama ameshaandikwa jina, umri, kijiji, ugonjwa na dawa. Binti hakuandikwa popote.

Tunaomba aandikwe. Vitabu vya MTUHA, yaani vya kumbukumbu za wagonjwa katika vituo vya afya Tanzania, vina mpangilio mmoja nchi nzima. Zahanati haiwezi kuongeza safu yake, hata mganga mkuu wa wilaya hawezi. Ninyi mnaweza. Ndiyo sababu barua hii imekuja kwenu, na ndiyo sababu imebeba mambo ya wizara nne kwa pamoja: binti huyu ni mmoja, lakini mambo yake mmeyagawana, na kila ofisi inadhani ofisi ya jirani inamwona.

Tuanze na kazi anayoifanya, kwa sababu wengi wanaposikia "mtoto anamsaidia mama" wanafikiria kuchota maji na kuosha vyombo. Kuna hayo, na juu yake kuna uuguzi hasa. Anaamka saa 10 alfajiri kuhakikisha mama yumo ndani. Anamwinua kitandani taratibu, kwa sababu klopromazini, dawa ya akili, hushusha presha na anayesimama ghafla huanguka. Anasimama mbele yake mpaka kidonge kimemezwa, kisha anaangalia chini ya ulimi. Anaficha mchi, panga na dawa ya panya. Anawaamsha wadogo zake, anawapeleka shule, halafu naye anakwenda, amechelewa. Mchana darasani anawaza kama jiko limezimwa. Jioni anasikiliza hatua za mama uani ili ajue usiku utakuwaje. Hakufundishwa hata moja kati ya hayo. Ameokota mwenyewe, na mengine ameokota vibaya.

Sasa hesabu ya siku za shule. Kliniki hizi huwa siku za kazi, na katika wilaya nyingi ni siku moja tu iliyopangwa. Mgonjwa hupewa dawa za siku 30. Kwa mwaka hizo ni safari 12, na dawa zikiwa zimekwisha anaambiwa arudi wiki ijayo, hivyo safari zinaweza kufika 20 au 24. Mwaka wa masomo una siku 194. Siku 24 ni karibu siku moja katika kila 8, kabla hujahesabu siku ambazo mama aliamka vibaya na binti akabaki nyumbani. Mwanafunzi anayekosa kiasi hicho hawezi kushika hesabu za kidato cha pili, hata awe na akili namna gani.

Dawa ya tatizo hili mnayo tayari. Kwa wanaotumia ARV, nchi yetu ilikwishaacha kumwita kila mtu kila mwezi: aliyetulia huchukua dawa za miezi 3, wengine za miezi 6. Mgonjwa wa akili ambaye dozi yake haijabadilishwa kwa nusu mwaka, analala, anakula, anajitambua, anastahili utaratibu huo huo. Safari 12 zinakuwa 4, na nyingine zinaweza kuangukia likizo. Kuna sharti hapa na tunaliweka wazi: nyumba yenye mtu aliyewahi kutaka kujidhuru haipewi dawa za miezi 3. Huyo apewe za wiki 1 au 2, na zishikwe na mtu mzima nje ya nyumba. Nyumba yenye mtoto mdogo ipewe maelekezo ya kufungia dawa kwenye sanduku lenye kufuli, maana vidonge vichache vya mtu mzima vinaweza kumuua mtoto wa miaka 2.

Kwa wanaotumia sindano, jambo ni jepesi zaidi. Flufenazini ya mafuta, dawa ya akili ya sindano, huja kwenye kichupa, miligramu 25 katika mililita 1, na hudungwa kwenye msuli wa kalio kila baada ya wiki 3 au 4. Dozi ya kwanza kabisa huwa nusu, miligramu 12.5, ili kuona mwili unavyoipokea. Baada ya hapo muuguzi wa zahanati anayewadunga akina mama sindano ya uzazi wa mpango kila miezi 3 ana ujuzi wa kutosha kabisa kuidunga. Kwa nini basi mgonjwa anasafirishwa hadi wilayani? Kwa sababu kichupa hakipo zahanati. Hakipo kwa sababu maagizo kwenda Bohari ya Dawa hukadiriwa kwa matumizi yaliyopita, na matumizi ya zahanati hiyo ni sifuri, kwa kuwa wagonjwa wake wote hudungwa wilayani. Mduara huu hauwezi kukatwa na mganga mfawidhi. Unakatwa na waraka wa Wizara ya Afya unaosema: kila mgonjwa aliyetulia aorodheshwe kwenye zahanati ya kijijini kwake, na dawa zake zihesabiwe huko kuanzia robo ijayo. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa mhGAP, wa kutibu magonjwa ya akili, mwaka 2010 kwa ajili ya wahudumu wasio mabingwa, na kudunga sindano ya namna hii si kazi ya kusubiri daktari bingwa.

Tunakaa kidogo kwenye dawa, kwa kuwa hapa ndipo nyumba nyingi zinapobomoka na mtoto akabeba lawama.

Mtu aliyeanza haloperidoli, dawa nyingine ya akili, anaweza, ndani ya saa au siku chache za mwanzo, kupinda shingo upande mmoja, macho kugeukia juu, taya kukaza, ulimi kutoka nje. Ni athari ya dawa. Inatisha kuitazama, lakini hutulizwa haraka kwa sindano ya promethazini au kwa dawa ya kundi la Artane. Binti ambaye hakuambiwa neno ataona nini usiku huo? Ataona mapepo yamepanda. Jirani ataona hivyo hivyo, na mganga wa kienyeji atakayeitwa atathibitisha. Vidonge vinatupwa chooni kabla hakujapambazuka, na baada ya wiki kadhaa au miezi michache ugonjwa unarudi kwa nguvu. Kisha hospitali inaandika "mgonjwa aliacha dawa", kana kwamba aliamua tu.

Athari nyingine haitishi ila inapotosha. Mgonjwa hawezi kutulia: akikaa anasimama, akisimama anazunguka uani, miguu inacheza. Nyumbani wanasema kichaa kimezidi. Wakati mwingine na kliniki inasema hivyo, dozi inapandishwa, na kutotulia kunazidi. Na kuna ile ya hatari, ambayo ni nadra lakini lazima ijulikane: joto kali la mwili, misuli kukakamaa kama ubao, jasho, kuchanganyikiwa. Huku kwetu homa yoyote huitwa malaria, kwa hiyo mgonjwa anapewa dawa mseto na anaendelea kunywa haloperidoli ile ile inayomuua. Mwenye dalili hizo asimamishiwe dawa na awahishwe hospitali saa hiyo hiyo.

Haya yote yanaingia kwenye karatasi moja, upande mmoja, kwa Kiswahili na kwa herufi kubwa. Tunaomba Wizara ya Afya iichape na impe yule anayemnywesha mgonjwa dawa, hata kama ana miaka 13. Tunajua wahudumu wengi wanasita kuzungumza na mtoto kuhusu dawa za akili, wakiona ni mzigo mzito kwake. Mzigo ameshaubeba. Kumnyima maelezo hakumpunguzii kilo hata moja.

Karatasi hiyo iwe pia na mambo ambayo watoto hukosea kwa nia njema. Dozi iliyosahaulika haifidiwi kwa kumeza mara mbili. Dawa haipunguzwi kwa sababu mama amepata nafuu; aliyepata shambulio la kwanza huendelea na dawa angalau miezi 12 baada ya kupona, na aliyeugua mara nyingi huendelea zaidi. Na vidonge visisagwe kwenye uji kwa siri. Hili la uji ni la kawaida mno, na tunalielewa, kwa sababu mgonjwa amekataa na binti amechoka kubembeleza. Lakini mama ambaye tayari anaamini kwamba watu wanamtilia sumu, siku akigundua ladha, atakuwa amepata ushahidi, na aliyemtilia ni mwanawe. Hatakula tena mkononi mwake. Tena uji hunywewa nusu, na nusu nyingine humaliziwa na mdogo wa miaka 4.

Mgonjwa akikataa dawa kwa siku 2 mfululizo, binti anatakiwa awe na mtu wa kumpigia simu. Ni hilo tu. Namba moja, ya mtu mwenye jina, anayepokea. Mwezi Januari 2024 Serikali ilizindua mpango jumuishi wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, unaolenga wahudumu zaidi ya laki moja katika vitongoji na mitaa. Mhudumu huyo ndiye mtu wetu. Afundishwe kupita kwenye kaya ya namna hii mara moja kwa wiki, dakika 15, na aulize maswali mawili kwa watu wawili tofauti: mama, umelala? Binti, wewe umelala?

Usingizi tunautaja kwa makusudi. Katika magonjwa haya, iwe skizofrenia (kusikia sauti na kuamini yasiyokuwepo) au baipola (hali ya moyo kupanda na kushuka kupita kiasi), usiku 2 au 3 bila usingizi mara nyingi hutangulia siku mbaya. Kabla ya kelele huwa kuna dalili ndogo ndogo ambazo anayeishi naye huziona wa kwanza: ameacha kuoga, anapanga na kupangua vyombo usiku, amefunika kioo, anagawa nguo, anacheka na asiyeonekana, anakataa chakula kilichopikwa na mtu fulani. Binti akifundishwa kuandika kwenye daftari tarehe, saa ya kulala, saa ya kuamka na dozi, muuguzi anaweza kusoma wiki 4 kwa dakika 2 na kuona ugonjwa unaanza kupanda lini. Ni daftari la shilingi mia chache.

Na ule usiku wenyewe ukifika? Binti afundishwe mapema, siku ya amani. Asibishane na sauti ambazo mama anazisikia, wala asijifanye naye anazisikia. Aseme tu kwamba yeye hazisikii lakini anaona mama anaogopa. Aongee kwa sentensi fupi. Akae upande wa mlango, asijifungie chumbani na mgonjwa. Azime redio. Wadogo watoke kwanza, waende kwenye nyumba iliyokubaliwa tangu zamani, ambayo mwenye nyumba anajua kwamba mlango ukigongwa saa 8 usiku haulizi maswali. Yeye naye aondoke akitishiwa. Hili la mwisho lisemwe kwa sauti na mtu mzima, tena mara nyingi, kwa kuwa binti hawa huamini kwamba kuondoka ni kumtupa mama. Namba 116, simu ya huduma kwa mtoto, haina malipo, na inastahili kubandikwa ukutani katika kila kliniki ya afya ya akili kama ilivyobandikwa shuleni.

Hatari ya usiku nyingine hutoka nje ya nyumba. Mtaa mzima unajua kwamba pale hakuna mtu mzima mwenye akili timamu. Wanaume nao wanajua. Kamati za ulinzi wa wanawake na watoto zilizoundwa chini ya MTAKUWWA, mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi yao, zinapoorodhesha kaya zilizo hatarini, kaya yenye mzazi mgonjwa wa akili na binti anayevunja ungo iwe juu ya orodha, isisubiri mimba ndipo ijadiliwe.

Waziri wa Elimu, hapa tunakuelekea wewe. Binti huyu kwenye rejista ya shule anaonekana mtoro. Anachelewa, anasinzia, hana mchango wa chakula, hachezi, haongei. Akiulizwa anasema alikuwa anaumwa tumbo. Hasemi kweli kwa sababu anajua kitakachofuata: jina la "mtoto wa kichaa" litafika darasani kabla ya kengele ya saa 4. Viboko vya utoro anavipokea kimya, kwa kuwa kwake ni nafuu kuliko maelezo. Tunaomba utaratibu huu: mwalimu wa unasihi apokee taarifa kutoka kliniki, kwa ridhaa ya binti, na aandike kwenye rejista alama tu, bila sababu. Mwenye alama hiyo hapigwi kwa kuchelewa, haitwi mstarini, na jaribio alilokosa analifanya ndani ya siku 7. Barua ya kliniki yenye tarehe za mwaka mzima itolewe mara moja, Januari, isiwe binti anaomba ruhusa upya kila mwezi kwa mwalimu wa zamu tofauti. Na kwa aliyekwisha kuacha shule, Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka 2021 uliofungua mlango wa kurudi usisomwe kana kwamba ni wa waliopata ujauzito peke yao.

Wapo watakaosema apelekwe bweni. Kwa baadhi inafaa. Kwa mwenye wadogo wawili nyumbani, bweni linahamisha mwili na kuacha wasiwasi, na mara nyingi binti hutoroka usiku kwenda kuangalia kama wamekula. Msimpeleke bweni kabla hamjajibu swali la nani anabaki na wadogo.

Upweke wake una umbo lake, na ni vizuri muujue. Hana rafiki anayekuja nyumbani, kwa kuwa hathubutu kumkaribisha. Haendi kwa rafiki, kwa kuwa hawezi kuacha nyumba. Mambo ya mwili wake, hedhi na mengine, hana wa kumuuliza. Mama yupo lakini hayupo. Ndugu wa baba wanasema ukoo wa mama umerogwa, ndugu wa mama wanasema ni upande wa baba, na katikati yao wapo wanaonong'ona kwamba shida zilianza alipozaliwa yeye. Ana maswali manne ambayo karibu kila mtoto wa namna hii huwa nayo moyoni: ni kosa langu? Mama atakufa? Watanitenganisha na wadogo zangu? Na mimi nitakuwa hivi? La kwanza lijibiwe bila kusita: si kosa lako, hakuna neno ulilosema wala kazi uliyoacha inayoleta ugonjwa huu. La mwisho lina takwimu, na binti wa sekondari anaweza kuielewa. Skizofrenia hupata takribani mtu 1 kati ya 100. Kwa mwenye mzazi mmoja mgonjwa, ni takribani 1 kati ya 10. Maana yake 9 kati ya 10 hawaipati. Aambiwe pia kwamba bangi inaongeza hatari hiyo, hasa kwa kijana, na kwamba usingizi wake yeye si anasa.

Mganga wa kienyeji na mchungaji tusiwaruke, kwa maana nyumba nyingi hupita huko kabla ya kuja hospitali na hurudi huko baadaye. Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala lipo kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2002 na linasajili waganga. Lisambaze masharti machache yanayotekelezeka: mgonjwa asifungwe mnyororo, asipigwe, asinyimwe chakula, asiachishwe dawa za hospitali, na mtoto asitajwe kuwa ndiye mchawi. Mengine ni imani ya mtu.

Tukija kwenye ustawi wa jamii, tatizo ni kwamba ofisa hufika nyumba ikiwa imeshaungua, na akifika huwa na njia moja tu mkononi, kugawa watoto kwa ndugu. Mkubwa anakwenda kwa shangazi mjini "kusoma" na anageuka dada wa kazi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 94, inaipa halmashauri jukumu la kulinda na kuendeleza ustawi wa mtoto katika eneo lake. Lakini kifungu cha 95, kinachomtaka mwanajamii kutoa taarifa, kinamtaja mzazi anayeweza kumtunza mtoto na akakataa au kupuuza. Mama yetu hakukataa. Anaumwa. Ndiyo maana jirani mwema anasita kumripoti, akiona kwamba kuripoti ni kushtaki. Tunaomba kanuni itamke njia ya pili, ya kuomba msaada kwa kaya bila kumtuhumu mzazi.

Msaada wenyewe unaandikika kwenye ukurasa mmoja, mama akiwa ametulia na akishiriki: mtu mzima wa kwanza wa kupigiwa ni nani, wa pili ni nani, watoto watalala wapi, nani ana funguo, nani atamsindikiza mama kliniki badala ya binti, na mama mwenyewe anataka apelekwe hospitali gani na asifanyiwe nini. Kwa kaya zilizo kwenye Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini wa TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii), mpokeaji wa ruzuku mara nyingi ni mama. Akilazwa, pesa zinakwama au zinapokelewa na mjomba ambaye hazifikishi. Pawe na mpokeaji wa pili aliyekubaliwa kabla, na mhudumu wa afya ajue ni nani.

Kulazwa nako kuna kikwazo ambacho mtoto hawezi kukivuka. Mgonjwa aliyekataa matibabu anahitaji mtu mzima wa kumwombea na kusaini. Binti wa miaka 15 hawezi kisheria, na hakuna mwingine, basi mama anarudishwa nyumbani na aliyekuja naye. Ofisa ustawi wa jamii wa hospitali apewe mamlaka na wajibu wa kusimama pale, usiku na siku za sikukuu pia. Na akiruhusiwa, tuseme kutoka Mirembe, hospitali ya taifa ya afya ya akili iliyoko Dodoma, kwenda Kasulu au Newala, hospitali ipige simu kwa zahanati ya kijijini kabla mgonjwa hajapanda basi, na mhudumu amtembelee ndani ya siku 7. Wiki za kwanza baada ya kutoka wodini ndizo zenye hatari kubwa ya kujiua na ya ugonjwa kurudi. Hizo hizo ndizo wiki ambazo leo mgonjwa huwa mikononi mwa mtoto peke yake.

Kwa kuwa tumetaja kujiua: kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu bado kinamfanya aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji. Fikirini binti aliyemkuta mama yake katika hali hiyo. Akimkimbiza hospitali na kusema kweli, anaogopa polisi. Akidanganya, daktari anatibu asichokijua. Wenzetu wa Kenya, mwezi Januari 2025, Mahakama Kuu yao ilitamka kwamba kifungu kama hicho kinakiuka katiba. Tunaomba nanyi mpeleke muswada bungeni.

Kuandikwa kwa mtoto kuna hatari yake, na hatutaki iwapite. Jina likifika kwenye ofisi ya kijiji bila uangalizi, linafika kisimani jioni hiyo. Wazazi wakihisi kwamba swali la watoto ni mtego wa kuwanyang'anya, watasema hawana watoto. Kwa hiyo taarifa ibaki kwenye faili la mgonjwa, iende kwa mhudumu mmoja na mwalimu mmoja, na mgonjwa aelezwe sababu kabla ya kuulizwa. Norwei walianza utaratibu wa kuwatambua watoto wa wagonjwa kwa sheria tangu Januari 2010: anayemtibu mgonjwa wa akili, mwenye uraibu au mwenye maradhi mazito ya mwili hutakiwa kujua kama ana watoto na wanahitaji nini, na hospitali huwa na watumishi waliopangiwa jukumu hilo. Uwezo wao wa fedha si wetu. Swali lenyewe haligharimu kitu.

Haya ndiyo maneno tunayoomba yachapwe kwenye faili na kitabu cha kliniki ya afya ya akili, katika toleo lijalo:

Je, una watoto wa chini ya miaka 18 unaoishi nao? Wangapi, na wana umri gani?
Ukiwa umeumwa, nani anakuangalia na nani anawaangalia wao?
Kati yao, nani anakupa dawa? Anasoma shule gani, na leo yuko wapi?
Mtu mzima wa kupigiwa simu, wa kwanza na wa pili.
Mtoto amepewa karatasi ya maelezo: ndiyo / hapana. Tarehe. Sahihi ya mhudumu.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Wauguzi wa afya ya akili, maofisa ustawi wa jamii na walimu wa unasihi